Dawati la Nyuma

Fundi bomba alikuwa amefeli mtihani wa Kiingereza mara nne, na mwalimu alijua kwamba anafeli makusudi.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa darasa la watu wazima la Jumamosi mchana: kuunganisha sentensi mbili kwa who, which na whose. Ukifaulu, unapewa cheti, unakwenda zako. Fundi aliandika which kwa kila binadamu, kana kwamba watu wote ni mabomba. Lakini mwalimu akipita dawati la nyuma alimsikia akimnong'oneza mama mshonaji majibu yote, sahihi, bila kukwama. Na mama mshonaji naye alikuwa amefeli mara nne.

Kila mmoja alikuja kutoka kazini kwake, fundi na spana, mama na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Wakifika hubanana dawati moja na kuchekeana kama watoto. Vidoleni wote wawili walivaa pete za ndoa.

Siku moja mwalimu aliomba mfano. Mama akasimama: "The man who snores is a plumber."

"Mama, umejuaje kama fundi anakoroma?"

"We acha tu, mwalimu. Kama mashine ya kusaga!"

Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alimpenda fundi, na sasa aliona ndoa ya mtu inabomoka mbele ya ubao wake. Baada ya kipindi akamvuta pembeni.

"Mkeo anajua unakaa na nani huku?"

"Anajua kila kitu, mwalimu."

"Muongo mkubwa wewe," mwalimu alisema moyoni. Kesho yake alifunga safari hadi nyumbani kwa fundi, akamweleze mkewe ukweli kabla mambo hayajaharibika kabisa.

Vyumba viwili. Watoto sita, wajukuu watatu, mashemeji wawili, bibi mmoja na redio, na wote wanapiga kelele kwa pamoja. Fundi alifungua mlango, mtoto mgongoni.

"Nimekuja kuongea na mke wako," mwalimu alisema, uso umekaza.

Fundi akaita. Akatoka yule mama wa dawati la nyuma, mikono imejaa povu, akarudishia mlango nyuma yake.

"Mwalimu, tafadhali, usitupatie cheti," alinong'ona. "Saa mbili kwa wiki nikae na mume wangu, nisikie anachosema. Mpaka sasa tumelipa mitihani minne. Hata kumi tutalipa."