Sisimizi wa Mama

"Kukhu, mama yako alikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza msichana aliyekuja kutafiti magonjwa ya wazee.

Bibi kizee Pascalia alimtazama kwa shaka. Mgeni anayeandika wafu wa boma la wenyewe anatafuta nini?

"Alirogwa na mke mwenzake. Alikuwa anakunywanga mtungi mzima na bado ana kiu. Kidonda cha mguu kilikataa kupona. Akikojoa, sisimizi wanajaa hapo. Tulipomzika, tukamfukuza yule mwanamke na watoto wake mpaka Chekalini."

Kalamu ilisimama.

"Sisimizi walifuata sukari, Kukhu. Huo ni ugonjwa wa sukari, na huwa unarithiwa."

Pascalia alivuta leso taratibu, akafunika bendeji ya mguu wake wa kushoto.

"Nani amekutuma?" aliuliza. "Ni wale wa Chekalini?"