Kitoto cha Mazoezi

Siku hizi nesi anayesomea kuuguza watoto njiti hupewa kitoto cha bandia, akiuguze nyumbani mpaka kife, kisha awatangazie wenyeji msiba bila kulia. Akilia, anapewa kingine. Mjukuu wangu Siwema analia kila mara, na mwenyeji ni mimi peke yangu. Nimechoka kufiwa.

Leo nilikuwa nimekifunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kikahema, kikahema, kikanyamaza.

“Bibi, mtoto wetu ametutoka. Na usilie, utaniponza!”

Nikamtazama. Macho makavu.

“Umefaulu, mke mwenzangu.”

“Alhamdulillahi. Chai imebaki?”

Nikammiminia. Akanywa huku akichezea simu, anacheka. Mimi nikashindwa kukifungua kile kitoto, maana kilikuwa bado kina joto.