Mtamba wa Alama Nyekundu

Walubengo alisimama kati ya makalio mawili ya ng'ombe, akatamani kulia.

Hapo sokoni Chwele, ukishanunua mnyama, hupakwa mstari wa rangi kwenye kalio ili asichanganywe na wa mwenzako. Wake alipakwa nyekundu, na risiti ikaandikwa hivyo. Wa mtu mwingine, aliyefungwa mti huohuo, alipakwa kijani. Wote wawili walikuwa mitamba wa kahawia. Walubengo alikuwa ameenda kunywa chai, dakika kumi tu, na sasa hakujua yupi ni yupi. Machoni pake mistari yote miwili ilikuwa na rangi ya matope.

Aulize? Mwanamume mzima, na ndevu zake, aulize nyekundu ni ipi?

"Wewe Walubengo," alijisema, "si ni wewe uliyekula nyanya mbichi wiki nzima ukilaumu chumvi?" Aliacha ushonaji akawa kinyozi mjini Kitale kwa sababu moja: nywele ni nyeusi au nyeupe, basi. Hata mchumba wake, Nanjala, hakuijua siri hiyo.

Na leo ndiyo haikufaa kabisa ijulikane. Baba yake Nanjala, Mzee Jotham wa Kimilili, alikuwa ameshamfukuza mposaji mmoja. "Mtu asiyejua kutazama ng'ombe," alisema, "atanitazamia mtoto wangu vipi?" Mtamba huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho wa mahari. Akikataliwa, hakuna harusi.

Walubengo akafumba macho, ambayo hata hivyo hayakuwa yakimsaidia, akavuta kamba iliyokuwa karibu. Aliyekuja ndiye aliyepakiwa kwenye pikapu.

Kule Kimilili, Mzee Jotham alitoka nje peke yake, shati na suruali zimepigwa pasi. Nanjala alipenda sana kuyasifu mapenzi ya wazazi wake: miaka thelathini, na bado mama ndiye humchagulia baba nguo kila asubuhi.

"Lete risiti," mzee alisema. "Siku hizi mnaazima ng'ombe wa majirani, mkishapokelewa mnawarudisha kimyakimya. Mimi sichezewi, bana."

Akaisoma kwa sauti: "Mtamba mmoja, kahawia, alama nyekundu." Akamzunguka mnyama mara tatu, kisha akainama kwenye kalio. Alikaa hapo sana. Jasho lilimtiririka Walubengo mpaka kwenye soksi, ambazo hununua zikiwa zimeshonwa pamoja ili asije akaaibika.

"Nyekundu," mzee akatangaza. "Tena nyekundu safi! Kijana, una macho kama yangu."

Walubengo nusura amkumbatie. Alicheka peke yake, akajiita mjinga mwenye bahati.

Mara mama yake Nanjala akaingia langoni na kikapu cha vitunguu. Alipomwona mkwe alijifunika uso kwa leso, kama heshima ya kwao inavyotaka, akakaza mwendo kuelekea jikoni bila kugeuka.

"Baba Nanjala!" alisema akipita. "Kumbe mtu wa pikapu amefika kabla yangu? Si huyo ndiye mtamba niliyetununulia leo Chwele! Nimewaambia wampake kijani, ndiyo hiyo unaona."

Mlango wa jikoni ukafungwa.

Wanaume wawili wakabaki wakilitazama kalio. Mtamba akapunga mkia.

Mzee Jotham akatazama jikoni, akamsogelea mkwewe mpaka mabega yakagusana.

"Ati ni kijani?" alinong'ona.

"Baba," Walubengo akajibu, "mimi nilikuwa nakutegemea wewe."