Swali la Mwisho la Nyamizi

Katika Jumuiya ya Utafiti, kila daktari wa upasuaji aliishi nyumba moja na mtaalamu wa maabara, na meza yao ya chakula ilisikiliza. Swali lolote la tiba lililotamkwa pale liliandikishwa kwa majina ya wote wawili, na mwenye swali lisilojibiwa hakuruhusiwa kuondoka.

Baada ya miaka tisa, Nyamizi, mpasuaji, alibakiwa na swali moja. Mchana huo Mwanaidi wa maabara aliingia na karatasi ya majibu.

"Limefungwa, shoga yangu. Kesho uko Urambo kwa mama, unatafuna matobolwa yake ya viazi vikavu."

"Usinichekeshe, nitaropoka."

Walikuwa wamejizoeza kuzungumza bila kuuliza. Hata chumvi waliionyesha kwa kidole. Mwanaidi, ambaye bado alikuwa na maswali mengine thelathini aliyoandikishwa na wapasuaji waliomtangulia Nyamizi, alipakua wali bila kumtazama mwenzake.

Simu ikaita. Nyamizi akaipokea palepale mezani.

"Nakusubiri, mwanangu," mama yake alisema. "Huu mguu umevimba tena, lakini si kitu."

"Umevimba tangu lini, mama?"

Taa ya kijani ikawaka ukingoni mwa meza. Maandishi yakafuata: swali jipya limepokelewa, uvimbe wa mguu usiojulikana chanzo, watafiti wawili, makadirio miaka minne.

Mwanaidi akaweka kijiko chini.

"Nimtume nani aje kukupokea stendi?" mama aliuliza.

"Usimtume mtu, mama," Nyamizi akasema. "Kaa, uinue mguu juu ya mto."