Karatasi za Njano

Penseli ilianguka upande wa pili wa kiambaza, ikabiringika sakafuni, ikasimama. Hakuna aliyeiokota.

Mwongozaji mzee akaenda kutazama. Kuwabara, mchoraji wake tangu filamu yao ya kwanza ya katuni, alikuwa amelaza shavu juu ya meza ya kioo yenye taa, macho wazi. Mzee akamgusa shingoni. Hapakuwa na mapigo.

"Iteni gari la wagonjwa," akawaambia wachoraji wengine, ingawa alijua.

Kando ya kichwa kile kulikuwa na michoro ya bibi kizee akiinua bakuli la wali. Mwezi mzima mzee alikuwa akimrudishia michoro hiyo, kila mara na karatasi ya njano juu yake yenye neno moja: Bado.

Akaipeperusha michoro ile haraka kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Bibi kizee akainua bakuli, mkono ukatetemeka, akala. Alikuwa hai.

Chini ya rundo alikuta mchoro wa kwanza aliokuwa ameukataa. Akauweka juu ya kioo, akaufunika kwa ule wa mwisho. Mwanga ukapenya. Mistari ililingana yote, hadi mikunjo ya vidole.

Simu ya Kuwabara ikalia. Mzee akaipokea. Alikuwa mkewe Kuwabara.

"Vipi, leo wamekukubalia? Au huyo babu bado anakufundisha kushika bakuli?"

"Ni mimi, mama. Huyo babu."

"Aa, nisamehe, Mwalimu." Akacheka kwa aibu. "Basi mwachie aje ale. Nimemchomea samaki."

Mzee aliutazama mkono wa Kuwabara, vidole bado vimekunjwa kushika penseli isiyokuwepo.

"Nitamleta nyumbani mimi mwenyewe," akasema.