Mifupa ya Hamduni

Siku ya kupima timu ya vijana chini ya miaka kumi na saba, Hamduni alinyoa ndevu mara mbili. Sasa kakaa mbele ya Daktari Mwasiti, mama mtu mzima, anayeisoma karatasi ya majibu ya damu taratibu.

"Mwanangu, kuna kimeng'enya kinachokomaza mifupa. Mtoto anayekua, chembe za mifupa yake zinakitoa kwa wingi. Wewe unacho kidogo, kama mtu mzima."

Hamduni akajua kwisha habari yake, anafukuzwa.

"Usiogope," daktari akasema. "Huenda ni ugonjwa. Nitampigia mama yako mimi mwenyewe, twende hospitali kubwa." Akammiminia maziwa ya chai yake, glasi nzima. "Kunywa, baba."

Dirishani wenzake wanachungulia. "Dogo, vipi, wamekukuta na wajukuu?" Wakacheka.

Hamduni ana miaka ishirini na minne, na nyumbani mwanawe ameanza kutambaa. Akaishika glasi kwa mikono miwili.

"Daktari, usimpigie mama."

"Kwa nini, baba?"

Maziwa yakawa yanammwagikia vidoleni, kunywa hawezi, kuyarudisha mezani hawezi.