Msikilizaji Mmoja wa Sauti ya Roret

Nelvine alikuwa amebakiwa na msikilizaji mmoja tu duniani, na hakuwa na hakika kama yuko nyumbani.

"Huyu si jamaa yako?" aliuliza Bwana Nyagaka, ofisa wa masafa, akikwepa shimo la barabarani.

"Hata sura simjui. Tunajuana sauti tu."

"Sawa. Kwa sababu ukinipeleka tena kwa shangazi, naandika kituo kifungwe, narudi zangu Nairobi."

Kwa shangazi wa Nelvine walikuwa wameshapita asubuhi hiyo. Walikuwa wamemwona pia mke wa fundi wa mitambo, aliyeapa kwamba redio hiyo haimpiti hata dakika moja, kisha akashindwa kuitaja jina. Agizo alilokuja nalo Bwana Nyagaka lilikuwa fupi: hewa ya FM imejaa pomoni, na kituo kidogo kisichoweza kuonyesha msikilizaji hata mmoja wa kweli kitanyang'anywa masafa, wapewe wakubwa. Nelvine alikuwa ameitumikia Sauti ya Roret miaka sita. Ndiye aliyetangaza, ndiye aliyesoma habari, ndiye aliyefagia. Alikipenda kituo kile kama mtu anavyompenda mtoto asiye na afya.

Kosa halikuwa lake. Mtambo wao ulikuwa na nguvu za balbu mbili, tena ulibanwa katikati: huku kituo cha mahubiri, huku cha muziki wa benga. Tembo wakipigana, nyasi huumia. Siku za mvua, aliyetaka kumsikia Nelvine akisoma matangazo ya harusi na vifo alipata harusi tu, vifo vikamezwa na mhubiri.

Lakini alikuwapo Mzee Kiptum. Miezi saba sasa, kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, simu ya studio ililia, na Nelvine akaipokea kwa salamu ya kwao:

"Chamgei! Uko hewani, mzee! Leo unasalimia nani?"

Naye mzee, kwa adabu za watu wa zamani, alisalimia. Alianza na mama watoto, akapita kwa wachuma chai wa mlima mzima, akamalizia kwa jirani yake Ogoti, hata siku walizokuwa wamegombana. Mwishoni alikohoa na kusema, "Sasa, msichana yangu, ile kitu nilikuwa nataka..." na hapo ndipo dakika tatu za salamu zilipokwisha. Nelvine alijua anachotaka. Alimwekea wimbo.

Isitoshe, alikuwa msikilizaji mwenye nidhamu. Wengine wakipiga, redio zao hulia kwenye simu mpaka uwabembeleze wapunguze sauti. Mzee Kiptum hakuwahi kuambiwa hata mara moja.

Namba ya studio, Nelvine na fundi waliichora wenyewe kwenye ukuta wa kituo cha maziwa, mahali ambapo kila mkulima hupita asubuhi. Ilibanana hapo na tangazo la mbolea, la daktari wa mifugo na la mkutano wa injili. Huko nako nafasi ilikuwa shida kama hewani.

Bwana Nyagaka aliwasha redio ya gari. Kule studio, Calvince, fundi wa mitambo, alikuwa ameachiwa kazi ya kuweka nyimbo. Walipovuka kilima cha kwanza, nyimbo za Calvince zilianza kukwaruza. Walipovuka cha pili, zikanyamaza, na mhubiri akalijaza gari zima.

"Dada, huku hamfiki."

"Mzee ana redio kali," alisema Nelvine. "Hebu ona ile waya, kutoka kwa paa yake mpaka kwa mti! Hiyo ni eria ya redio."

Kwenye waya ziliningʼinia soksi mbili na blanketi.

Waliegesha gari karibu na zizi, ambamo ng'ombe alikuwa akilia kwa sauti ya kumshinda mhubiri. Mzee Kiptum alitoka nyumbani akiwa amevaa gambuti mguu mmoja, nyingine bado anaitafuta.

"Chamgei, mzee!" Nelvine aliita.

Mzee alisimama ghafla. Kisha akafungua mikono yote miwili.

"Hii sauti! Mama Chebet, toka nje uone! Ni yule msichana wa simu! Wamekuja wenyewe!"

Nelvine alilia, wala hakuona haya. Miaka sita alikuwa akizungumza na ukuta wa studio, na leo ukuta umemjibu, tena una mvi. Hata Bwana Nyagaka alilainika, akatoa fomu na kalamu.

"Mzee, huyu dada unamjua?"

"Ai! Kila siku, saa kumi na mbili na dakika kumi. Miezi saba sijakosa."

"Mna undugu?"

"Hakuna. Ni kazi yake tu anajua."

Kalamu ilikimbia. Nelvine aliifuata kwa macho, jibu kwa jibu, mpaka ikabaki nafasi moja tu juu ya mahali pa sahihi.

"Na redio yako ni ya aina gani?"

"Redio?" Mzee Kiptum alicheka, akamshika Bwana Nyagaka mkono na kuanza kumvuta kuelekea zizini. "Redio ni ya nini, daktari? Mimi sina. Lakini ofisi yenyu iko na heshima! Haiwezi kuuliza mtu shida yake kabla hajamaliza salamu. Mnaniambia nisalimie, nasalimia. Mnaniwekea muziki ningoje, nangoja. Sasa watu wa kusalimia wameisha, na hii ng'ombe inataka kupandishwa tangu mwezi wa pili. Vaa glavu."